Gobori na Shabaha Yake

Neno gobori limeshuka cheo. Leo hutajwa kwa kejeli, au husikika katika taarifa za polisi pale mwindaji haramu anapokamatwa msituni na silaha aliyoundiwa na fundi wa kijijini. Karne moja na nusu iliyopita hali haikuwa hivyo. Gobori lilikuwa rasilimali ya msafara na zawadi ya kumpa mtemi. Lilibadilishwa kwa pembe za ndovu na, pasina kuficha, kwa wanadamu. Lugha yenyewe ni shahidi, kwani watu wa pwani hawakuridhika na jina moja. Palikuwa na bunduki ya mrao, inayowashwa kwa utambi unaofuka moto; palikuwa na bunduki ya gumegume, inayowashwa kwa cheche za jiwe; palikuwa na ya fataki, na palikuwa na korofindo. Ufito wa kushindilia uliitwa mdeki. Bomba la chuma liliitwa kasiba, au mtutu. Kifurushi cha karatasi kilichobeba baruti na risasi pamoja kiliitwa kiasi. Watu hawajitungii msamiati wa namna hii kwa kitu wasichokijua undani wake.

Walakini wasafiri wa Kizungu waliopita Unyamwezi na kwingineko bara walipenda kuandika kwa dhihaka juu ya watu weusi na bunduki. Mpigaji, walisema, huweka silaha kiunoni, akageuza uso pembeni, akafyatua, na risasi ikaenda itakako. Kicheko hicho kimerithiwa na vitabu vingi vya historia, ambamo gobori ni mlio na moshi tu. Hata jina la Tippu Tip, kwa maelezo ya mwenyewe Hamed bin Muhammed el-Murjebi, latokana na jinsi wenyeji wa bara walivyouiga mlio wa bunduki zake: walikumbuka mlio, hawakukumbuka shabaha. Swali ambalo wenye kucheka hawakujiuliza ni hili: kosa lilikuwa la mkono, au lilikuwa la kile kilichotiwa mkononi? Jibu limo ndani ya kasiba.

Bunduki ya kushindilia haitoki kiwandani ikiwa kamili. Fundi huunda nusu yake. Nusu ya pili huundwa upya na mpigaji kila anapotaka kufyatua. Yeye ndiye apimaye baruti na kuimimina mdomoni mwa kasiba, yeye ndiye afuatishaye risasi na kuisukuma kwa mdeki mpaka iketi juu ya baruti, na mkono wake ndio uamuao kama mshindilio wa leo utafanana na wa jana. Mpigaji wa zama hizi hununua risasi elfu zilizopimwa na mashine. Yule wa zamani alikuwa mashine mwenyewe.

Chukua bunduki ya kawaida ya askari wa Uingereza katika karne ya 18, ile waliyoipachika jina la Brown Bess. Kipenyo cha ndani cha kasiba yake kilikaribia milimita 19, nacho cha risasi milimita 17.5. Pengo la milimita moja na nusu liliachwa kwa makusudi, maana askari alitakiwa kushindilia haraka, na baada ya kupiga mara kadhaa kasiba hujaa ukoko wa baruti. Risasi iliyo ndogo kuliko njia yake haisafiri, hugongagonga. Hupiga ukuta huu, ikapiga ule, na mgongano wa mwisho mdomoni ndio unaoipa mwelekeo. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alichapisha kitabu cha kanuni mpya za mizinga, na katika miaka iliyofuata akaonesha kwamba migongano hiyo huipa risasi mzunguko wa ovyo, na mzunguko huo huipinda njiani angani. Ili kuwanyamazisha wabishi, alichukua mtutu akaupinda kuelekea kushoto. Risasi ilitoka ikielekea kushoto, kisha ikajipinda hewani kwenda kulia.

Si ajabu basi kwamba mwaka 1814 Kanali George Hanger, aliyezijua vyema bunduki za askari, aliandika kuwa bunduki hiyo yaweza kumpata mtu kwa yadi 80, pengine 100, lakini anayelengwa kwa yadi 200 hana la kuogopa. Hayo yalisemwa juu ya jeshi lililofundishwa gwaride kila siku, na hakuna aliyeandika kwamba Waingereza hawajui kulenga.

Dawa ya pengo ilijulikana zamani. Tangu karne ya 16 mafundi wa nchi za Kijerumani walichora ndani ya kasiba michirizi inayozunguka kama ngazi ya mnara, ili risasi itoke ikizunguka kwa nidhamu badala ya kubiringika kwa fujo. Lakini michirizi peke yake haifai kitu ikiwa risasi haiigusi. Hapo ndipo kilipoingia kitambaa. Wahamiaji wa Kijerumani waliokwenda Pennsylvania, Marekani, walizifanya bunduki ndefu za michirizi kuwa mashuhuri. Risasi yake ya mviringo, ndogo kidogo kuliko njia, ilifungwa katika kipande cha kitambaa kilichopakwa mafuta au kuloweshwa mate, ikasukumwa ndani. Kitambaa kiliziba pengo, kikashika michirizi, kikaizungusha risasi, na juu ya hayo kikapangusa ukoko wa pigo lililotangulia. Mwaka 1800 jeshi la Uingereza liliipokea bunduki ya Ezekiel Baker, yenye michirizi saba na kasiba ya inchi 30. Mwanzoni askari walipewa nyundo ndogo za mti za kugongea risasi mdomoni. Punde zikaachwa, kwa kuwa kitambaa chenye unene unaofaa na mafuta ya kutosha hakihitaji nyundo.

Jambo la pili ni kipimo cha baruti, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kudhani kuwa nyingi ni bora. Kila kasiba ina kipimo inachokipenda. Kikipungua, risasi hutoka kwa ulegevu na kila pigo huwa na nguvu yake. Kikizidi, kitambaa huungua au huchanika kabla risasi haijatoka, bunduki hupiga teke, nayo mapigo hutawanyika. Njia ya kukitafuta ni ya subira: mpigaji huanza na kidogo, hupiga mara tano katika shabaha moja, huongeza kiasi kidogo, hupiga tena tano, na huendelea hivyo mpaka aone matundu yanakaribiana, akivuka hapo yataanza kuachana. Wawindaji wa Marekani walikuwa na mwanzo wao wa mapokeo: risasi huwekwa kiganjani na baruti humiminwa juu yake mpaka ifunikwe. Walipiga pia juu ya theluji, na punje nyeusi zilizoonekana kutawanyika zilikuwa baruti iliyopotea bure bila ya kuungua. Kipimo kikishapatikana kilichongwa katika ncha ya pembe ya mnyama, kikaning'inizwa pamoja na pembe ya baruti. Kila bunduki na chake.

Tena risasi lazima iketi juu ya baruti, si karibu na baruti. Ikibaki nafasi kati yake, kasiba yaweza kupasuka mikononi mwa mwenyewe. Ndiyo maana mpigaji mwangalifu aliuchora mdeki alama mbili, moja ya kasiba tupu na moja ya kasiba iliyoshindiliwa, akajua kwa jicho moja hali ya silaha yake. Anayeona jambo hili ni dogo na akumbuke uwanja wa Gettysburg. Baada ya vita vya Julai 1863 ziliokotwa pale bunduki 27,574. Takriban 24,000 zilikuwa bado zimeshindiliwa, na kama nusu ya hizo zilikuwa na mshindilio juu ya mshindilio, nyingine mitatu hadi kumi. Katika kelele na moshi askari hakujua kuwa bunduki yake haikulia, akashindilia tena na tena. Waliofanya hivyo walikuwa Wamarekani, katika nchi iliyojisifu kwa walenga shabaha wake.

Jambo la tatu, lenye uzito kuliko yote kwa watu wa pwani, ni usafi. Baruti nyeusi ni shura sehemu 75 katika mia, makaa 15, na salfa, ambayo wazee waliiita kiberiti upele, sehemu 10. Ikiwaka haigeuki moshi wote. Andrew Noble na Frederick Abel, waliochapisha uchunguzi wao mwaka 1875, walikuta kwamba zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa kitu kigumu. Huo ndio ukoko. Una chumvichumvi ndani yake, na chumvi huvuta maji ya hewani. Ukoko ulioachwa kwa usiku mmoja katika hewa ya Unguja, Lamu au Kilwa, ambako hata pishi la chumvi hulowa, huamka asubuhi ukiwa kutu. Fataki nazo zilizidisha balaa, kwa kuwa kemikali zake ziliacha chumvi nyingine kali iliyokula chuma kuanzia pale moto unapoingilia.

Kinachoondoa ukoko huu si mafuta, ni maji. Mafuta yakipakwa juu ya chumvi huifunika tu, nayo ikaendelea kula chini kwa chini. Maji ya moto huiyeyusha. Kasiba iliyooshwa kwa maji ya moto hukauka upesi kwa joto lake yenyewe, ndipo kitambaa kikavu hupitishwa, kisha chenye mafuta ya mnyama au ya mmea. Kasiba ikishapata vishimo vya kutu imeharibika kwa namna isiyoponyeka: vishimo huficha ukoko, hukwaruza kitambaa, hufanya kila mshindilio kuwa na uzito wake. Kati ya pigo na pigo pia palihitajika kupangusa, la sivyo risasi ya tano haikupita njia ile ile ya risasi ya kwanza.

Joto na ukoko viliwahi kuyumbisha hata himaya. Mnamo 1849 Mfaransa Claude-Étienne Minié alikamilisha risasi ndefu yenye uvungu nyuma, iliyoshuka kasibani kwa wepesi na kutanuka ilipofyatuliwa mpaka ikaishika michirizi. Waingereza wakaichukua kwa bunduki yao ya Enfield ya 1853, iliyowekewa alama za kulengea hadi yadi 900. Viasi vyake vya karatasi vilipakwa shahamu ili viteleze na kulainisha ukoko, na askari alifundishwa kukifungua kiasi kwa meno. India, mwaka 1857, ilienea habari kwamba shahamu ile ni ya ng'ombe na ya nguruwe. Mhindu na Mwislamu wote wawili wakaona wanatiwa najisi mdomoni. Maasi yaliyofuata yalikuwa na sababu nyingi kuliko hiyo, ila cheche ilikuwa hiyo. Kisichotajwa mara nyingi ni kwamba katika joto la India risasi zenyewe zilikwama njiani kwa ukoko, na baada ya vita kipenyo chake kikapunguzwa kutoka inchi 0.568 hadi 0.550, na upakaji ukategemea zaidi nta ya nyuki, ambayo haiyeyuki upesi juani. Tofauti hiyo haifiki nusu milimita, na ilihitaji kamati, viwanda na dola nzima kuirekebisha.

Sasa itazamwe bandari ya Unguja. Mkataba wa Sayyid Said na Marekani, uliotiwa sahihi Maskati tarehe 21 Septemba 1833, ulitaja bunduki, baruti na risasi kwa majina: katika kisiwa cha Unguja ziuzwe kwa serikali peke yake, na katika bandari nyingine za Sultani ziuzwe huru kwa mwenye bei. Wafanyabiashara wa Salem waliotuletea amerikani walileta na baruti. Kisha majeshi ya Ulaya yakaanza kuacha bunduki za kushindilia kwa zile za kutilia risasi nyuma. Waingereza walianza mwaka 1866 kwa kuzikata Enfield zao na kuzigeuza. Silaha kuukuu zilitafuta soko, na Afrika ikawa soko. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, alikisia kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 za kila aina zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kupitia hapa.

Nyingi zilikuwa gumegume na fataki zenye kasiba nyororo, ama kuukuu za kijeshi ama zilizoundwa mahsusi kwa biashara, huko Birmingham na Liège, kwa bei ya chini. Baruti yake iliitwa baruti ya biashara: punje kubwa, nguvu haba, iliyosafiri kwa jahazi na kwa mabega ya wapagazi, mvua kwa jua. Risasi ya metali ilikuwa adimu bara, kwa hivyo wahunzi walifua vipande vya chuma. Chuma hakilainiki kama risasi. Hukwaruza kasiba, wala hakiwezi kufuliwa kikawa duara kamili. Mtu wa namna hii hana kipimo kilichoandikwa, hana baruti inayofanana leo na kesho, na pengo kati ya kipande chake cha chuma na kasiba lawa kubwa kuliko la Brown Bess. Anaongeza baruti, kwa mkono, ili kufidia udhaifu wake. Siku anapoipata nzuri na kuitia kwa mkono ule ule, bunduki humtupa chini au humpasukia. Aliyewaona wenzake wakipoteza vidole hataiweka bunduki shavuni. Ataishika kiunoni na kugeuza uso. Dhihaka ya wasafiri ilikuwa, kwa hakika, maelezo ya mtu mwenye akili anayeijua silaha yake.

Na lau kama rangi ya ngozi ndiyo iliyokuwa sababu, Frederick Selous asingefanya vile vile. Mwingereza huyu alianza kuwinda ndovu kusini mwa Afrika mwaka 1872 kwa bunduki mbili nzito za kasiba nyororo, za bei nafuu, zenye kumeza risasi ya gramu zaidi ya mia, na baruti ya biashara aliichota kwa mkono kutoka mfukoni. Aliua ndovu 78 kwa miaka mitatu, kwa kuwakaribia kwa miguu mpaka hatua chache, kwa sababu kwa mbali asingewapata. Naye pia aliwahi kubwagwa na bunduki iliyokuwa na mshindilio maradufu. Hakuna aliyemcheka. Aliuawa Beho Beho, karibu na Rufiji, tarehe 4 Januari 1917, na hifadhi kubwa ya wanyama ilipewa jina lake, ambayo mwaka 2019 ilimegwa sehemu yake kubwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wamakua, waliosifika kusini kwa kuwinda ndovu kwa gobori, walifuata hesabu ile ile: pasipo shabaha ya mbali, miguu ndiyo hupunguza masafa. Majina yao hayakuandikwa popote.

Hayo yote yangeweza kubadilika. Bunduki ya michirizi iliyoshindiliwa kwa uangalifu haikuwa siri, na wapiganaji wa bara walikwisha kuanza kuzitafuta zilizo bora. Ndipo ukaja Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, nayo Zanzibar ikiwa miongoni mwa waliotia sahihi. Kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, uingizaji wa silaha ulikatazwa, hasa zenye michirizi na zilizoboreshwa. Kilichoruhusiwa kuuzwa kwa wenyeji, kwa masharti, kilikuwa bunduki ya gumegume yenye kasiba isiyo na michirizi, na baruti ya kawaida ya biashara. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na haifai kuikana: bunduki zilichoma vijiji na kufunga watu minyororo. Lakini mkataba huo haukumnyima Mwafrika bunduki, ulimnyima shabaha. Walioutunga walijua barabara yale yaliyoelezwa hapa juu, wakayaandika kwa lugha ya kisheria, kasiba na baruti kila moja kwa jina lake. Waliomcheka mpiga gobori na waliotunga sheria kwamba asiwe na kingine walitoka katika nchi zile zile, na wakati mwingine walikuwa watu wale wale.

Miaka kumi na mitano baadaye matokeo yalionekana. Katika Majimaji, 1905 hadi 1907, waliokuwa na bunduki walikuwa na magobori, na waliowakabili walikuwa na bunduki za michirizi za kutilia risasi nyuma, pamoja na bombomu. Huko Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, bombomu mbili zilitosha. Yale maji ya Ngarambe, yaliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji, yametafsiriwa na wengi, wanahistoria na waandishi wa tamthilia, na hayahitaji tafsiri nyingine hapa. Yafaa kukumbukwa tu kwamba kwa mtu aliyezoea silaha ambayo pigo moja katika matano ndilo hufika, risasi inayokosa si muujiza. Ni jambo la kila siku. Asichokuwa amekizoea ni silaha isiyokosa.

Baada ya vita gobori halikufa. Chini ya Wajerumani na kisha Waingereza lilibaki ndiyo silaha ambayo Mwafrika wa kawaida aliweza kupewa kibali chake, ya kufukuzia ngedere na nguruwe shambani. Mafundi walijifunza kulitengeneza, kisha kuliunda upya kwa vipande vya mabomba. Kasiba kuukuu ya aina hii, ikipatikana, yasomeka hata leo kwa kidole na taa. Mdomoni, ikiwa chuma kimelika upande mmoja, mwenye nayo alitumia mdeki wa chuma kwa haraka, bila ya kuuelekeza katikati. Nyuma, karibu na tundu la kuwashia, ikiwa kuna vishimo, aliipaka mafuta bila ya kuiosha. Na zipo ambazo nyuma ni safi, chuma chake kimekolea rangi ya kahawia iliyotulia, bila ya shimo. Hiyo iliwahi kuwa ya mtu aliyechemsha maji kila jioni aliporudi.